Mshubiri wa Nyuma ya Bafu

Giza lilikuwa bado halijaamua kuingia Fundi alipojifunga mtandio na kutoka kwenda kuomba jani. Jani tu. Safari ya dakika chache, arudi kabla sufuria ya jikoni haijachemka. Wangapi tumetumwa jani jioni na tukarudi salama?

Alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mama mkwe wake aliyekaa naye. Mkono wake ulijulikana. Nguo ikitoka kwake, mwenye tumbo anaonekana hana, na asiye na nyonga anajikuta nazo. Lakini siku moja, akikimbizana na nguo za harusi, aligeuza shingo kumsikiliza mteja aliyekuwa anamwaga habari za mke wa mtu. Sindano ya cherehani ikampitia kidole gumba cha kulia, ikatokea upande wa pili. Umbea una utamu wake, lakini usipokelewe mguu ukiwa kwenye pedali.

Akanyonya damu, akafunga kitambaa, akaendelea kushona.

Kidonda kile kilikuja kama mgeni wa siku moja, kumbe kimebeba na godoro. Kikavimba. Kikawa cheusi pembeni na cha manjano katikati. Kikaanza kutoa maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa, na harufu yake ilikuwa inaingia chumbani kabla yake mwenyewe. Wateja walipimwa wakiwa wamegeuza uso, wanajifanya wanatazama kalenda ukutani. Aliyekuwa na adabu alibana pumzi. Asiye na adabu alipeleka kitambaa chake kwa fundi mwingine.

Hospitali alikwenda. Akapewa vidonge, akachomwa sindano, akasafishwa hadi akapiga kelele. Mwisho daktari akavua miwani.

"Mama, kliniki ijayo ukinirudishia kidole hiki kikiwa hivi hivi, tunakikata. Tukikichekea kitakula mkono."

Fundi cherehani bila gumba la kulia! Atashika mkasi kwa nini? Kwa meno?

Ndiyo maana jioni ile alishika njia ya kwa Bi Makopo.

Bi Makopo alikuwa mjane aliyekaa mwisho wa uchochoro. Uani kwake hapakuwa na pa kukanyaga. Makopo ya rangi, makopo ya maziwa, makopo ya mafuta, na ndani ya kila kopo mshubiri mmoja peke yake. Mwingine mnene, mwingine mwembamba, mwingine umenyauka kabisa na hautupwi. Watu walisema ni mchawi. Na hao hao waliosema ndio waliokuwa wa kwanza kubisha hodi kwake wakiota jipu pabaya.

"Hodi, bibi."

"Pita. Nimekunusa tangu uko kona."

Bi Makopo alimshika mkono, akafungua kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimegandia, kikabanduka na kitu. Fundi akafumba macho. Alipofumbua, alimkuta bibi kakileta kidole puani, anakinusa taratibu, kama mama anayechagua tikiti sokoni.

Na anatabasamu.

"Nikate jani gani, bibi?" Fundi aliuliza haraka.

"Usikate. Haya yote yana wenyewe."

Akatoa kopo kuukuu la maziwa lenye udongo na kichipukizi cha mshubiri kisichozidi kidole cha mtoto. Akaleta bakuli la maji ya vuguvugu, akakiosha kidonda humo polepole mpaka maji yakawa na rangi, na vipande vyeupe vikaelea juu kama ukoko wa uji. Kisha akayamimina yote koponi.

Udongo ukayavuta.

Fyooo…

Kama mtoto anayemalizia uji kikombeni.

"Umesikia?" bibi alinong'ona. "Umekuonja."

Fundi alijichekesha ili asitapike. Bi Makopo akamkabidhi kopo. "Umwagilie maji ya kidole chako. Yako peke yako. Ukikua, kata jani, paka ute wake kila jioni. Na usinishukuru."

Ukakua, tena kwa fujo. Jani la kwanza alilokata lilikuwa na joto, kama limetolewa kwapani. Ute ukavutika kutoka kisuni hadi kidoleni bila kukatika, na harufu yake ilikuwa ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Lakini Fundi akapaka. Akapaka na kesho yake. Weusi ukarudi nyuma, usaha ukapungua, nyama nyekundu safi ikaanza kujaza shimo. Siku ya kliniki daktari alikigeuza kile kidole juu chini, akasema, "Chochote unachofanya, endelea."

Basi angeishia hapo, hadithi ingekuwa fupi na sisi tungeenda kulala. Lakini kilibaki kitundu. Kidogo tu, kama tundu la kifungo, kinatoa maji kila asubuhi. Na mshubiri ulikuwa umelijaza kopo, mizizi inachungulia chini.

"Mti gani huu wa kukaa koponi kama dagaa?" mama mkwe alisema akiwa anafagia uani. Alikuwa mama msafi, mwenye maneno, na mara nyingi maneno yake yalikuwa ya haki. "Uteremshe chini nyuma ya bafu, mkaza mwana. Pale maji yanapotea bure."

Na kweli, mwenye nyumba gani asiyejua? Nyuma ya bafu, pale bomba linapomwaga maji ya kuogea, ndipo kila kitu kinapostawi. Ukipanda fimbo inachipua. Fundi aliona mama kasema la maana. Majani mengi, dawa nyingi, kitundu kizibe, kazi iendelee. Akalipasua kopo kwa mkasi wa zamani, akauchimbia mshubiri pale kwenye tope la sabuni, akaushindilia kwa mguu.

Jioni waliingia kuoga mmoja baada ya mwingine, kama kawaida. Mume, ambaye alikuwa kinyozi. Mama mkwe. Mwisho Kitinda, binti yao mdogo wa mwisho, aliyekuwa akioga kwa nyimbo na kumaliza ndoo nzima.

Maji yakatoka bombani, yana povu, yana nywele, yana nongo za watu watatu.

Fyooo…

Baada ya hapo majani yalinenepa mpaka yakawa kama mikono ya mtu. Yakawa na ngozi laini, na ukiyagusa asubuhi yana jasho. Na nyumbani, ajabu, neema ilimwagika. Kinyozi alikuwa na chunjua shingoni toka ujana wake, nyeusi, yenye vinywele viwili, ambayo wateja wake waliitania kwamba mbona hiyo hainyoi. Siku moja akatoka bafuni anajipapasa.

"Mama Kitinda! Chunjua haipo!"

"Imekwenda wapi?"

"Nitajuaje? Haikuniaga."

Wakacheka. Mama mkwe naye nyufa za visigino zikafutika, akawa na miguu ya mwari. Akawa anavua kandambili makusudi wageni wakija.

Jioni ya siku hiyo ya chunjua, Fundi alikata jani. Akalipasua katikati.

Ndani ya ute palikuwa na kitu cheusi.

Akadhani konokono. Akakichokoa kwa ncha ya kisu, akakisogeza kwenye taa. Kilikuwa laini, kama punje ya dengu iliyopikwa, na kilikuwa na vinywele viwili.

Kikajikunja.

Fundi akakitupa uani, akasugua kisu kwa majivu. Ukimuuliza mtu mwenye akili, hapo angeacha. Lakini yeye alitazama kidole chake, akatazama ule ute uliobaki, mwingi, unang'aa. Konokono tu, alijiambia. Bustani gani haina konokono? Akapaka.

Jani lililofuata lilikuwa na utando mgumu wa manjano, wenye mistari, kama ngozi ya kisigino. Akautoa kwa vidole viwili, unateleza, akapaka kilichobaki. Akawa amejifunza kupasua jani huku anatazama pembeni.

Sasa sikiliza. Maradhi ya nyumba moja yana mwisho. Chunjua iliisha, nyufa ziliisha, fangasi wa vidole vya kinyozi waliisha. Mti ukabaki na njaa yake, na maji yanakuja kila jioni.

Nyusi za kinyozi zikaanza kupukutika. Akadhani ni sabuni. Mama mkwe akiwa anasukutua akatema kitu kwenye kata, akakitazama, akakuta ni jino lake la nyuma, zima, jeupe, bila tone la damu. Fizi imejifunga papo hapo, laini kama haijawahi kuota kitu.

"Uzee huu," alisema, lakini hakucheka.

Na gumba la Fundi likazidi kupendeza. Kitundu kilikaribia kuziba. Ukucha mpya ukaota.

Jioni moja Kitinda alitoka kuoga, kajifunga taulo, maji yanamchuruzika. Hakulia. Alinyoosha mkono tu, kama mtu anayeonyesha kitu alichookota.

"Mama, kucha yangu imetoka."

"Imetoka vipi?"

"Imetoka tu, tangu juzi. Haiumi."

Gumba dogo la kulia. Mahali pa ukucha palikuwa patupu, pameteleza, kama yai lililomenywa. Fundi alikishika kidole kile kwa mkono wake, ili akione vizuri karibu na taa. Vidole viwili vikawa pamoja, cha mama na cha mwana.

Hapo ndipo alipouona ukucha wake mwenyewe kwa mara ya kwanza kwa macho ya kweli. Mwembamba. Mdogo kuliko kidole chenyewe. Wa waridi, wenye kimwezi cheupe chini. Na pembeni, kwenye kona, palikuwa na alama ya rangi nyekundu, ile aliyompaka Kitinda sikukuu iliyopita.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupaka rangi kucha maisha yake yote.

Alitapika mpaka akabaki anatoa maji ya kijani. Kila jani alilopasua lilimrudia kooni. Alikuwa amejipaka mume wake. Amejipaka mama mkwe wake. Kila jioni, kwa vidole viwili, anasugua taratibu ili waingie vizuri.

Kiza kikianza kushika alikuwa mlangoni kwa Bi Makopo. Safari hii bibi hakumkaribisha. Alitoka nje, akanusa hewa, akaziba pua kwa mtandio. Yeye, aliyenusa usaha kama tikiti!

"Umeutoa koponi."

"Niliupanda chini… nyuma ya bafu."

"Unakunywa maji ya nani?"

"Ya wote, bibi."

Bi Makopo aliushusha mtandio. Nyuma yake makopo yalikuwa yametulia, kila mti na kopo lake.

"Mti wa koponi unamjua mtu mmoja na donda moja," alinong'ona. "Ukilimaliza unakauka, basi. Huo wako umeufundisha kula nyumba."

"Niung'oe?"

"Ng'oa. Hawa watu wako watabaki na walivyobaki navyo. Na wewe utarudishiwa chako." Akakitazama kidole. "Chote. Na faida yake."

Fundi alikificha kidole nyuma. "Hakuna njia nyingine, bibi yangu?"

Bi Makopo akaanza kufunga mlango. Ulipobaki ufa tu, akasema:

"Ipo. Mimi sikuambii. Wote huwa wanaijua wenyewe."

Alirudi akachukua jembe. Hilo lazima nimpe haki yake, jembe alilichukua, na pigo la kwanza alilipiga. Ardhi ilipasuka, ukatoka uvundo kama wa godoro la mgonjwa. Mizizi haikuwa mizizi ya kawaida. Ilikuwa myeupe, ina vifundo vifundo, imelikumbatia lile bomba la bafu kama vidole vinavyoshika chuchu.

Na kidole kikapiga. Pwa! Maumivu yakapanda hadi begani. Kitundu kikafunguka, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakashuka kwenye mpini wa jembe. Ile harufu ya zamani… akaitambua.

"Ng'oa, Fundi." Mama mkwe alikuwa amesimama mlango wa jikoni, amefumba mdomo nusu, anaficha pengo. Hakuuliza kitu. Wazee wana macho. "Mtoto kwanza."

"Nang'oa, mama."

Jembe likabaki hewani. Likashuka polepole, likalala. Fundi akaurudisha udongo kwa mguu, akaushindilia.

"Mpini umelegea," alisema bila kugeuka. "Kesho."

Kesho yake alimwambia mume wake ameona nyoka bafuni, mkubwa, wa kutema. Kinyozi alikuwa anaogopa nyoka kuliko madeni. Wiki haikuisha wakahama, mtaa wa pili, nyumba yenye bafu la saruji na shimo lililofunikwa. Kitinda akaanza kuota ukucha mpya, na nyusi za baba yake zikarudi, ingawa moja ilirudi imepinda. Kila mtu akamsifu Fundi kwa kuwaza haraka. Mama mkwe tu ndiye hakusifu. Alikula chakula chake taratibu, anatafunia upande mmoja, anamtazama.

Tatizo likawa kidole. Bila ute, kikaanza kulia tena. Kwanza unyevu. Kisha harufu. Wateja wakaanza kutazama kalenda.

Basi jioni moja alijifunga mtandio, akatoka. Jani tu.

Nyumba ya zamani ilikuwa imepata wapangaji wapya, kijana mmoja na mke wake wa juzi juzi, msichana mcheshi mwenye mashavu. Wewe ungemkataza nini msichana kama huyo? Alimpokea Fundi kama mama yake mzazi.

"Jichumie tu, mama! Mti ni wako. Tena una baraka, tangu tuhamie chunusi zangu zote kwisha."

"Hongera, mwanangu," Fundi alisema. Akakata.

Ikawa mazoea. Akienda hakwenda mikono mitupu, akimpelekea leo blauzi, kesho shuka la mtoto, maana msichana alikuwa ameshaanza kuvimba tumbo. Nyusi za msichana zikapungua, akawa anazichora kwa wanja. Mume wake akaanza kuongea kwa kithembe, meno ya mbele hayapo. Fundi akapaka. Gumba likashiba, likanawiri, kitundu kikabaki kama ncha ya pini.

Mtoto akazaliwa. Jioni Fundi alipokwenda kumwona, alimkuta yule mama mdogo uani, kamaliza kumwogesha kichanga kwenye beseni. Mtoto amefungwa taulo, analala. Maji yamebaki, meupe kwa sabuni, na juu yanaelea maganda yale membamba ya ngozi ya mtoto mchanga.

"Mama, nishikie mgeni wako, nimwage haya maji."

Fundi akampokea mtoto. Alikuwa mwepesi mno, ana joto, na utosi wake unapiga taratibu chini ya ngozi, tup… tup… tup…

Msichana akainua beseni, akaelekea nyuma ya bafu.

Hakukuwa na upepo. Lakini majani yaliinama. Yote, upande mmoja, kumwelekea.

Fundi alikuwa na neno mdomoni. Usimwage hapo. Ni hilo tu, hata mtoto wa chekechea analiweza. Lilifika kwenye ulimi, akalisikia ladha yake, chungu. Na hapo hapo kidole kikapiga, kitundu kikatoa tone moja, likadondoka kwenye taulo la mtoto.

"Mwanangu," alisema.

Msichana akageuka. "Eee, mama?"

Mtoto akapiga chafya kwa usingizi.

"…Usiumwagie majani, yataoza. Mwaga kwenye shina."

"Ahsante, mama. Ningejuaje?"

Fyooo…

Jani alilokata jioni ile hakulipasua pale. Alilibeba ndani ya mtandio, linamtia joto ubavuni njia nzima. Nyumbani alijifungia kwenye chumba cha cherehani. Alitarajia uvundo. Haukutoka. Jani lilipofunguka lilinuka maziwa, na katikati ya ute palikuwa na ngozi moja nyembamba, yenye nywele laini za malaika, na chini ya ngozi hiyo kitu kinapanda na kushuka.

Alitazama pembeni. Akapaka. Akasugua mpaka kikaingia chote.

Asubuhi kitundu hakikuwepo. Kidole kizima, kinene, kizuri, hata alama hakina. Wateja wakasogea karibu wenyewe. "Fundi, mbona siku hizi mkono wako unanukia? Unapaka nini?"

"Mafuta ya kawaida tu," alijibu.

Siku chache baadaye yule mama mdogo alikuja kwenye chumba cha cherehani na mtoto mgongoni. Macho yalikuwa mekundu, wanja wa nyusi umechuruzika.

"Nishonee kofia, mama. Nzito kidogo, ya kumfunika hapa juu. Hospitali wananiambia nimnyonyeshe zaidi, na ananyonya, wallahi ananyonya. Lakini utosi wake umezama. Tena umetulia tu, haupigi."

Akamlaza mtoto juu ya meza ya kukatia. Mtoto alikuwa macho, anamtazama Fundi, kimya, kama mzee.

Fundi akachukua utepe wa kupimia. Akauzungusha kichwa kile kidogo, akaubana juu kwa gumba lake la kulia, pale pale utosini.

Chini palikuwa kimya, pamebonyea, baridi.

Tup… tup… tup…

Kilichokuwa kinapiga ni kidole.

"Kofia yake itakuwa tayari kesho, mwanangu," Fundi alisema, na mkono hakuutoa.